PTO inayokata na kurudi: dhana potofu na ukweli

PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine, ikifa kabisa haimsumbui fundi sana. Inayokata katikati ya kupukuchua mahindi kisha ikarudi yenyewe ndiyo inayofanya watu wanunue vipuri kwa kubahatisha. Hapa tunazungumzia trekta ambazo PTO huwashwa kwa swichi: umeme unafika kwenye valvu ya solenoidi, valvu inafungulia oili, na oili inabana sahani za klachi. Trekta za wenzo na klachi ya hatua mbili, kama Massey Ferguson 135 nyingi, zina mambo yake.

Dhana: PTO ikikata, klachi yake imekwisha.

Klachi iliyolika huteleza chini ya mzigo. Mwendo hupungua, oili hupata joto, na kazi ikiwa nyepesi PTO huzunguka vizuri. Haikati ghafla halafu ikarudi na nguvu zake zote. Kabla ya kufungua chochote, angalia ukiwa mbali: ni nini hasa kilichosimama? Ikiwa shafti ya trekta bado inazunguka na mashine imesimama, tatizo liko kwenye propela (shafti inayounganisha PTO na mashine) au kwenye mashine: bolti ya usalama imekatika, au klachi ya kuteleza ya propela imelegea. Shafti ikisimama ghafla, anza na umeme. Ikififia polepole, anza na oili: kiwango chake, hasa unapofanya kazi mteremkoni, filta, kisha presha.

Taa ya PTO kwenye dashibodi isikudanganye. Ikizimika pale PTO inapokata, umeme umepotea. Ikibaki inawaka, bado hujathibitisha kwamba umeme umefika kwenye solenoidi, kwa sababu kwenye trekta nyingi taa hiyo huonyesha tu kwamba swichi imewashwa.

Dhana: mita imesoma volti 12, kwa hiyo umeme upo.

Hapa ndipo siku nzima hupotelea. Mita haivuti mkondo wa maana. Muunganisho ulioliwa na kutu bado unaweza kukuonyesha volti 12, lakini solenoidi yenye ukinzani wa omu 8 inahitaji ampea 1.5, na muunganisho huo unaweza kushindwa kuipatia.

Tumia balbu ya breki ya wati 21, ambayo huvuta takriban ampea 1.75. Zima injini, toa ufunguo, chomoa propela, kisha chomoa plagi ya solenoidi na uunganishe balbu mahali pake kwa nyaya ndefu zinazofika mbele ya dereva. Kwa kuwa solenoidi haipati umeme, klachi haishiki. Hata hivyo mtu asisimame karibu na shafti. Washa injini na swichi ya PTO, acha trekta ipate joto, kisha tikisa fungu la nyaya sehemu baada ya sehemu, mbali na feni na mikanda. Balbu ikipepesa, umefika penye ugonjwa. Ikiwaka kwa unyonge, pima upotevu wa volti hiyo balbu ikiwa bado inawaka: kutoka chanya ya betri hadi waya wa umeme wa plagi usizidi volti 0.5, na kutoka waya wa athi hadi hasi ya betri usizidi 0.2. Ukizidi, safisha na kaza kishikizo cha fyuzi, miguu ya rilei, plagi, na bolti ya athi. Kagua pia chini ya kiti na penye kona kali za chuma, na panya wasisahaulike kama trekta ililala stoo msimu mzima.

Dhana: ikipoa inarudi, kwa hiyo ni joto la injini tu.

Joto linafichua kitu kibovu. Pima ukinzani wa koili ya solenoidi ikiwa baridi, andika, kisha ipime tena mara tu PTO inapokata, injini ikiwa imezimwa. Ukinzani wa shaba hupanda kwa kawaida: koili ya omu 8 kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi itakaribia omu 10 kwenye nyuzi 85. Lakini mita ikionyesha mkato, au namba zikiruka, koili imekatika ndani. Ikiwa koili ni nzima, geji ya presha ifungwe na kipimo kichukuliwe oili ikiwa moto. Oili moto ni nyepesi na hupenya sili zilizochoka, hivyo kipimo cha asubuhi hakithibitishi kitu.

Dhana: swichi ya kiti ndiyo msumbufu, iunganishe kwa waya.

Swichi hiyo hukata PTO dereva anapoinuka kitini, na ina sababu: mizunguko 540 ya PTO kwa dakika ni 9 kwa sekunde. Mkono wa shati ukinaswa, hakuna muda wa kujivuta. Keti, yumba, na utazame ile balbu. Ikipepesa, safisha plagi au badilisha swichi, na ukague springi ya kiti. Kwa kazi ya kusimama, kama kupukuchua, fuata utaratibu wa kitabu cha trekta yako.

Dhana: waya ukisokotwa na kufungwa tepu, umepona.

Mtetemo na unyevu vitaurudisha kwenye kukatakata. Uchomelee kwa risasi au ubane kwa kiungio cha saizi yake, uvike mpira unaosinyaa kwa joto, kisha fungu zima lifungwe mbali na ekzosi. Fanya kazi yenye mzigo hadi oili ipate joto lake kamili kabla ya kurudisha vifuniko vya nyaya. Kinga ya shafti ya PTO iwe mahali pake muda wote.