Je, wajua ni kwa nini kuingiza umri katika hesabu hakuwafanyi wagonjwa na wenye afya kuwa rika moja?

Watafiti wanaotaka kujua kama ugonjwa fulani huacha alama katika ubongo hupiga picha za MRI za makundi mawili, wagonjwa na watu wenye afya, kisha hulinganisha wastani wa kundi moja na wa jingine, ama kwa sehemu nzima ya ubongo, ama kwa kila kijichemraba cha picha kiitwacho vokseli. Kikwazo ni kwamba ubongo husinyaa kwa uzee tu, hata pasipo ugonjwa wowote. Ikiwa wagonjwa wamewazidi wenzao umri, tofauti itakayoonekana itakuwa imechanganya uzee na maradhi. Dawa iliyozoeleka ni kuingiza umri katika modeli, yaani mlinganyo wa takwimu unaokadiria tofauti hiyo, kama kovarieti, yaani kigeu kinachowekwa si kwa kuwa ndicho kinachochunguzwa, bali ili athari yake itengwe.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba hatua hiyo hufanya kazi kama sabuni: umri ukishaingizwa, doa la umri limetoka, na kilichobaki ni ugonjwa mtupu. Niliamini pia kwamba ile desturi ya kutoa wastani wa umri kutoka kwenye umri wa kila mtu, kabla ya kuendesha hesabu, ni usafi wa tarakimu tu, na kwamba haijalishi unatoa wastani wa washiriki wote au wa kila kundi peke yake. Nilikosea mara mbili, na kosa la pili ndilo lililonifunza kosa la kwanza.

Tuchukue mfano wenye tarakimu za kubuni. Wenye afya wana wastani wa miaka 40, wagonjwa wana wastani wa miaka 70. Tunapima ujazo wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa pamoja: wenye afya wana wastani wa sentimita za ujazo 8.0, wagonjwa 6.8. Pengo ghafi ni 1.2. Tuseme data inaonyesha kwamba katika kila kundi ujazo hupungua kwa 0.03 kila mwaka. Miaka 30 inayotenganisha makundi inaeleza 0.9 ya pengo hilo, na iliyobaki, 0.3, ndiyo ambayo modeli inaihusisha na kuwa mgonjwa.

Ni rahisi kuona kinachotendeka ukifikiria njia mbili zinazoteremka mlima mmoja sambamba, moja ikiwa juu kidogo ya nyingine. Wasafiri wa njia ya juu ndio kwanza wameanza kushuka. Wa njia ya chini wamekwisha kwenda mbali. Ukipima kimo cha wasafiri walipo sasa, utapata pengo kubwa, lakini sehemu kubwa ya pengo hilo ni mwendo wao, si tofauti ya njia. Ili kulinganisha njia zenyewe, ni lazima upime zote mbili katika umbali uleule kutoka kileleni. Kovarieti hufanya hivyo hasa: huchora njia mbili, kisha hupima pengo la wima kati yake katika umri mmoja. Na kwa kuwa njia ni sambamba, pengo ni 0.3 popote utakaposimama, iwe miaka 40, 55 au 70. Ndiyo maana kutoa wastani wa washiriki wote hakubadilishi tofauti ya makundi hata kidogo.

Sasa toa wastani wa kila kundi peke yake. Mgonjwa wa miaka 70 anakuwa sifuri, na mwenye afya wa miaka 40 naye anakuwa sifuri. Modeli haina tena njia ya kujua kwamba kundi moja limewazidi wengine kwa miaka 30. Inawaona wote kuwa mahali pamoja njiani. Pengo linarudi 1.2, kana kwamba umri haukuwahi kuingizwa, ilhali safu ya umri bado imo katika jedwali na msomaji wa ripoti ataelezwa, bila uongo wowote, kwamba umri ulizingatiwa. Sisemi kwamba utaratibu huo ni haramu: hupunguza mtawanyiko ndani ya kila kundi, na unafaa kwa anayetaka kuacha tofauti ya wastani kama ilivyo. Ila haujibu swali ambalo wengi hudhani unalijibu.

Mambo huwa ya ajabu zaidi njia zisipokuwa sambamba. Tuseme wagonjwa hupoteza 0.05 kwa mwaka badala ya 0.03, na modeli inaruhusu kila kundi kuwa na mteremko wake. Katika miaka 70, wenye afya wanakadiriwa kuwa na 7.1 na wagonjwa 6.8: pengo ni 0.3. Katika miaka 55, ambao ni wastani wa wote makundi yakiwa na idadi sawa, kila upande una 7.55 na ugonjwa umetoweka. Katika miaka 40, wagonjwa wana 8.3 na wenye afya 8.0, yaani ugonjwa sasa unaonekana kukuza ubongo. Data ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Kwa hiyo, palipo na mwingiliano wa umri na kundi, yaani mteremko wa umri usipokuwa sawa katika makundi yote, kuuliza tofauti ya makundi ni ngapi bila kutaja umri ni swali lisilokamilika.

Tena, katika mfano huu huenda hakuna mgonjwa hata mmoja wa miaka 40, wala mwenye afya wa miaka 70. Mstari umerefushwa hadi mahali ambapo hakuna aliyepimwa, na programu hailalamiki. Hutoa tarakimu zake kwa utulivu uleule. Urefushaji huo ni wa kutiliwa shaka hasa kwa ubongo, kwa sababu uzee wake haufuati mstari ulionyooka: ujazo wa sehemu nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha maeneo ya ubongo, huongezeka hadi umri wa makamo kabla ya kupungua, nao usinyaaji wa hipokampasi hushika kasi uzeeni. Kuongeza umri wa kipeo cha pili, yaani umri uliozidishwa kwa wenyewe, husaidia kuukunja mstari, lakini mikunjo hiyo hupinda vibaya hasa kwenye ncha, ambako watu ni wachache.

Mwaka 1967 Frederic Lord, mtaalamu wa Marekani wa takwimu za upimaji wa kisaikolojia, alionyesha kwamba wachambuzi wawili wanaweza kutumia data moja, mmoja akirekebisha kwa kovarieti na mwingine asirekebishe, wakafikia majibu yanayopingana, na kila mmoja asiwe na kosa la hesabu. Fumbo hilo bado linazua mjadala, na katika picha za ubongo lina makali yake, kwa kuwa baadhi ya magonjwa huja pamoja na uzee. Mgonjwa wa Alzheimer mwenye miaka 45 si yule wa miaka 75 aliyerudishwa nyuma miaka 30. Mara nyingi dalili zake na chanzo cha kinasaba ni tofauti. Kumkadiria huyo wa miaka 75 kana kwamba ana miaka 45 ni kumkadiria mtu ambaye huenda hayupo. Ndiyo sababu watafiti makini hujitahidi kuoanisha umri wa washiriki kabla ya kuwasha skana, na kuiachia kovarieti kazi ndogo ya kurekebisha miaka miwili mitatu iliyosalia.