Kuunganisha rekodi za wateja si kuzifanya ziwe moja

Katika ofisi za mauzo za Dar es Salaam, kuanzia maduka ya jumla ya Kariakoo hadi kampuni za bima za Posta, ni jambo la kawaida siku hizi kumsikia mtu akisema kwamba "ameunganisha" wateja wawili kwenye mfumo wa kompyuta unaotunza rekodi za wateja, ilhali alichofanya ni kumfuta mmoja na kumhamishia mwenzake historia yake yote. Kauli hiyo imezoeleka mno, na inafaa kunyooshwa, kwa sababu matendo hayo mawili hayana matokeo sawa na mojawapo, katika mifumo mingi, halirudishiki likishafanyika.

Kuunganisha rekodi ni kuiwekea rekodi moja namba ya utambulisho ya rekodi nyingine, ili mfumo uweze kutoka hapa kwenda pale huku zote mbili zikibaki kama zilivyo. Rekodi ya kampuni ina namba yake, tuseme 1042; rekodi ya mhasibu wa kampuni hiyo ina sehemu ya kampuni, na ndani ya sehemu hiyo imo 1042. Namba hiyo, ikiwa kwa mwenyewe, huitwa ufunguo wa msingi, na ikibebwa na rekodi nyingine huitwa ufunguo wa nje. Msingi huu unatokana na kazi ya Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM huko California, ambaye mwaka 1970 alipendekeza kwamba data zihusishwe kwa thamani zilizomo ndani ya majedwali yenyewe, si kwa njia zilizojengwa kwenye mashine kulingana na mahali data zilipohifadhiwa.

Kuondoa rekodi zilizojirudia ni kazi nyingine. Mteja yule yule amesajiliwa mara mbili, hapa kama Mohamed na pale kama Muhamadi, namba ya mlipakodi ni moja na anwani ni moja. Mfumo unabakiza rekodi moja, unaihamishia ankara na mazungumzo ya ile nyingine, na pale ambapo rekodi hizo zilitofautiana, unachagua thamani moja na kuiacha ya pili. Kazi hiyo ni ya lazima katika kanzidata yoyote, yaani hifadhi ya data ya kompyuta, inayotumiwa na watu wengi, lakini sharti lake ni zito: mhusika awe na hakika kwamba rekodi zote mbili zinamzungumzia mtu mmoja au biashara moja.

Hapo ndipo madhara hutokea. Chukua muuzaji wa vifaa vya ujenzi mwenye mteja wa maduka mawili, moja Mbagala na jingine Tegeta, chini ya kampuni moja yenye namba moja ya mlipakodi. Meneja anataka kuona deni lote la kampuni kwa pamoja, anaagiza maduka hayo yaunganishwe, na kijana wa mauzo, kwa utiifu kabisa, anayafanya rekodi moja. Tangu siku hiyo anwani ya kupelekea mzigo ni moja tu, simu ya msimamizi wa Tegeta imepotea, saruji iliyoagizwa Tegeta inashushwa Mbagala, na hakuna tena anayeweza kusema ni duka lipi linalochelewa kulipa. Alichokihitaji meneja kilikuwa rekodi tatu: moja ya kampuni, yenye namba ya mlipakodi, na mbili za maduka, kila moja ikiwa na anwani na msimamizi wake na ikibeba namba ya rekodi ya kampuni. Jumla ya deni ingepatikana kwa kufuata viungo hivyo, bila kugusa hesabu ya duka lolote.

Majina kufanana pia si kiungo. Kuandika jina la kampuni kwa mkono kwenye rekodi ya mtu humsaidia msomaji, lakini mfumo hauambiwi chochote, na kosa la herufi moja linatosha kuzitenganisha rekodi hizo. Namba ya simu ni bora kidogo tu, kwa kuwa ndugu hutumia laini moja, na laini iliyoachwa bila kutumika hugawiwa mtu mwingine. Na pale ambapo mhasibu mmoja anazihudumia kampuni mbili, hata ufunguo mmoja wa nje hautoshi. Panahitajika jedwali la tatu, mbali na la wahasibu na la kampuni, ambalo kila mstari wake unabeba namba ya mhasibu, namba ya kampuni, na kazi anayoifanya hapo.

Kuna pia upande wa sheria, ambao wafanyabiashara wengi hawaufikirii wanapobonyeza kitufe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu ahakikishe kwamba ni sahihi, na rekodi iliyowachanganya Juma Hamisi wawili, ikampa mmoja madeni ya mwenzake, haiwezi kuitwa sahihi kwa kipimo chochote.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mauzo na huduma kwa wateja, mnapopeleka ombi kwa anayesimamia mfumo, ni vyema mkalieleza tendo lenyewe. Kama rekodi imejirudia, semeni ipi ibaki, ipi iondoke, na simu na anwani zipi zisipotee. Kama mnataka kiungo, tajeni rekodi zote mbili na uhusiano uliopo kati yake, kwamba huyu ni mhasibu wa kampuni ile, au duka hili ni tawi la kampuni ile. Kisha zihesabuni baada ya kazi: zilizounganishwa zitakuwa bado mbili.