Je, wajua? Hesabu za hospitali za wagonjwa wa akili zilivyosaidia kufunga milango ya Marekani mwaka 1924

Soma swali hili kisha ujaribu kulijibu. Crisco ni nini: dawa ya dukani, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya meno au chakula?

Ni chakula. Ni mafuta mazito ya kupikia yaliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1911. Sasa fikiria wewe ni kijana wa Kiitaliano, umeshuka melini juzijuzi, kwenu mnapikia mafuta ya zeituni, na umeingizwa jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Unakalishwa chini na askari wenzako, unapewa penseli, saa inahesabu, na swali hilo limo kwenye mtihani wa kupima akili. Swali jingine linamtaja Christy Mathewson na kukutaka useme kama ni mwandishi, mchoraji, mchezaji wa besiboli au mchekeshaji. Kama hujui kusoma Kiingereza unapewa mtihani wa picha, na unatakiwa uchore kitu kilichokosekana. Kwenye picha moja ni uwanja wa tenisi, na kilichokosekana ni wavu. Mtoto wa mkulima wa Sicily angeuona wapi uwanja wa tenisi?

Wanajeshi wapatao milioni 1.7 walipimwa hivyo kati ya 1917 na 1918. Waliozaliwa Italia, Poland na Urusi walipata alama za chini kuliko wazawa. Mwaka 1923 Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa kitabu akisema alama hizo zinaonyesha akili ya kuzaliwa nayo, na kwamba damu ya taifa inaharibiwa na wahamiaji wapya.

Lakini takwimu zake mwenyewe zilikuwa zinampinga. Wahamiaji waliokwisha kuishi Marekani miaka 20 na zaidi walipata alama sawa na wazawa, na waliofika karibuni ndio waliokuwa chini. Maana iliyo karibu zaidi ni kwamba mtihani ulikuwa unapima muda ambao mtu ameishi Marekani. Brigham aliligeuza jambo hilo: alidai wale wa zamani walitoka katika mbegu bora, na wa sasa ni wa mbegu duni. Kila ninapofika hapa napata uchungu. Ushahidi ulikuwa mezani, yeye ndiye aliyeuchapisha, na bado akauruka.

Basi kwa nini Bunge la Marekani, lilipotunga sheria ya 1924 ya kupunguza wahamiaji, liliikubali sayansi ya namna hii? Jibu linaanzia kwenye majimbo, nusu karne kabla ya hapo.

Kwa muda mrefu hapakuwa na idara ya taifa ya kuzuia wahamiaji. New York na Massachusetts, majimbo yenye bandari kubwa, yalikuwa na sheria zao: nahodha alipie kila abiria, au aweke dhamana kwa ajili ya mgonjwa, maskini na mwenye ulemavu. Fedha hizo ndizo zilizosaidia kuwatunza wahamiaji waliokwama. Tarehe 20 Machi 1876 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili kwa siku moja, moja kuhusu New York na nyingine kuhusu California, ambako afisa wa jimbo alikuwa amewazuia melini wanawake 22 wa Kichina kwa kuwatazama tu na kuamua kwamba ni wahuni. Mahakama ilisema mambo ya wageni wanaoingia nchini ni ya serikali ya taifa, si ya jimbo. (Mvutano huo haujaisha. Arizona ilitunga sheria yake ya wahamiaji mwaka 2010, na mwaka 2012 mahakama hiyohiyo ikafuta sehemu tatu kati ya nne zilizopingwa.)

Majimbo yakapoteza ile ada, lakini hospitali za wagonjwa wa akili, nyumba za maskini na magereza yakabaki mikononi mwao. Yakaanza kulibana Bunge la taifa, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1882 ikabeba lugha ya sheria za New York na Massachusetts karibu kama ilivyo: asiingie mwenye ugonjwa wa akili, wala mtu asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Tangu hapo daftari la hospitali ya jimbo, lenye idadi ya wagonjwa na mahali walipozaliwa, halikuwa tena karatasi ya daktari na mhasibu peke yao. Lilikuwa hoja ya kisiasa.

Hapo ndipo anapoingia Harry Laughlin. Alikuwa mwalimu wa kilimo kutoka Missouri, mtu aliyevutiwa sana na uzalishaji wa kuku. Mwaka 1910 alipewa usimamizi wa Ofisi ya Kumbukumbu za Eujeniki huko Cold Spring Harbor, jimbo la New York. Eujeniki ilikuwa ile imani kwamba binadamu wanaweza kuboreshwa kama mifugo, kwa kuwahimiza “walio bora” wazae na kuwazuia wengine. Ilikuwa na ofisi, fedha za matajiri na maprofesa wenye majina.

Albert Johnson, mbunge wa jimbo la Washington, aliongoza kamati ya uhamiaji ya Baraza la Wawakilishi kuanzia 1919, na hakuficha kwamba anataka wahamiaji wapunguzwe. Mwaka 1920 alimteua Laughlin kuwa mtaalamu wa eujeniki wa kamati. Mwaka 1923 Johnson mwenyewe akawa rais wa chama cha watafiti wa eujeniki. Mwenye kuuliza swali na mwenye kulijibu walikuwa wa chama kimoja.

Laughlin alikusanya takwimu kutoka taasisi 445 za majimbo na za taifa, na Novemba 1922 akazipeleka mbele ya kamati. Njia yake ilikuwa nyepesi kueleweka, na ndiyo maana ilikuwa ya hatari. Alichukua sehemu ya kila taifa katika idadi ya watu, akakadiria wangapi “walitarajiwa” kuwamo hospitalini na magerezani, kisha akahesabu waliomo. Waliozidi makadirio waliitwa wenye damu mbaya.

Tazama makosa yaliyomo. Watu wa hospitalini walihesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini sensa aliyolinganisha nayo ni ya 1910, wakati baada ya 1910 waliingia wahamiaji wengi mno. Tena wahamiaji wengi walikuwa watu wazima, na hospitali za namna hiyo hulaza watu wazima, ilhali wazawa walihesabiwa pamoja na watoto wao wote. Ni sawa na kulinganisha kambi ya vibarua na kijiji kizima chenye watoto wachanga, kisha ushangae kwamba kambini ndiko kwenye wagonjwa wengi wa mgongo. Na mzawa tajiri aliyeugua akili alipelekwa hospitali binafsi, ambako Laughlin hakuhesabu.

Herbert Jennings, mtaalamu wa elimu ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyaona makosa hayo. Alikokotoa upya takwimu zilezile, akaonyesha kwamba haziungi mkono wazo la kuwabana watu wa Ulaya ya kusini na mashariki peke yao: Ireland, ambayo sheria mpya haikulengwa kuibana, ilikuwa miongoni mwa zilizo juu. Alipofika mbele ya kamati mwanzoni mwa 1924 alipewa dakika chache tu. Laughlin alikuwa amepewa muda mrefu. Kwangu mimi jibu la swali letu limo katika tofauti hiyo ya muda. Wabunge hawakudanganywa na sayansi mbovu. Mtaalamu aliyewafaa walimchagua wenyewe, na aliyekuja kusahihisha hesabu hawakutaka kumsikia.

Nadhani sheria ingepita hata bila Laughlin. Vyama vya wafanyakazi viliogopa mishahara kushuka, vita vilikuwa vimepandisha chuki dhidi ya wageni, na mapinduzi ya Urusi yaliwatia watu hofu. Takwimu zilimpa mbunge nafasi ya kusema kwamba hamchukii Mwitaliano, anafuata tu utafiti.

Rais Calvin Coolidge aliitia saini sheria hiyo tarehe 26 Mei 1924. Kila nchi iliyo nje ya bara la Amerika ilipewa mgawo wa asilimia 2 ya watu wake waliokuwako Marekani kwa sensa ya 1890. Kwa nini 1890 wakati sensa ya 1920 ilikuwapo? Kwa sababu mwaka huo Waitaliano, Wapoland na Wayahudi wengi walikuwa hawajafika. Mgawo wa Italia ulianguka kutoka 42,057 kwa mwaka hadi 3,845.

Majira hayohayo ya 1924 jimbo la Virginia lilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu waliosemwa kuwa na upungufu wa akili, ikifuata mfano ulioandikwa na Laughlin huyohuyo. Kesi ya majaribio ilimhusu msichana Carrie Buck, aliyebakwa akapata mimba, kisha akafungiwa katika kituo cha jimbo. Laughlin alitoa ushahidi dhidi yake kwa maandishi bila kuwahi kumwona. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu iliipa Virginia ushindi, majaji wanane dhidi ya mmoja. Binti yake Carrie, Vivian, aliyetajwa kuwa kizazi cha tatu cha upungufu huo, alianza shule na jina lake likawekwa kwenye orodha ya wanafunzi bora. Alifariki akiwa na miaka 8. Kwa sheria za namna hiyo Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi, wapatao 20,000 kati yao California.

Mwaka 1930 Brigham aliandika kwamba matokeo ya utafiti wake hayakuwa na msingi. Ofisi ya Laughlin ilifungwa mwishoni mwa 1939. Mgawo uliendelea hadi Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria nyingine Oktoba 1965, na katikati ya miaka hiyo Wayahudi wengi waliokuwa wakiikimbia Ujerumani ya Hitler walikuta nafasi zimejaa.

Kwenye jedwali la mgawo wa 1924, miongoni mwa nchi zilizopewa kiwango cha chini kabisa, utaikuta Tanganyika: watu 100 kwa mwaka. Ruanda-Urundi: 100. Mhindi aliyezaliwa Dar es Salaam hakuweza kutumia hata moja ya hizo 100 kwenda kuhamia, kwa kuwa sheria iliwazuia watu wa asili ya Asia wasiostahili uraia. Na ilipofika zamu ya kukokotoa mgawo mpya uliotumika tangu 1929, kwa kutazama asili ya wakazi wote wa Marekani, sheria iliagiza kwamba vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani wasihesabiwe.