Kwa nini kebo ya Kariakoo inaonya kuhusu saratani ya California?

Nunua ekstensheni, earphone au taa za mapambo Mtaa wa Aggrey, ufungue boksi, na kuna uwezekano mzuri utakuta kijikaratasi kimebanwa kwenye waya. Kina pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, na chini yake Kiingereza kidogo cha kusomwa kwa tochi ya simu. Kwa kifupi kinasema bidhaa hii inaweza kukukutanisha na kemikali ambazo Jimbo la California linazijua kuwa husababisha saratani, au madhara kwa uzazi. Wengi hukitupa pamoja na nailoni. Anayekisoma hubaki akijiuliza saratani ya California imefikaje Kariakoo.

Jibu linalosikika sana ni kwamba huo ni mzigo uliokataliwa Marekani ukaletwa kwetu. Mtu halaumiwi kwa kulifikiria, maana Afrika imeshashushiwa mengi ambayo wenyewe hawakuyataka. Hapa lakini mambo yako kinyume: karatasi hiyo hubandikwa ili bidhaa iuzike California. Kiwanda cha China kinachotoa kebo hizo hakina haja ya kujua boksi lipi litashuka Los Angeles na lipi litashuka bandari ya Dar es Salaam. Kuchapa vifungashio vya aina mbili ni gharama, basi zote zinapewa onyo lilelile.

Yuko pia muuzaji atakayekuonyesha karatasi hiyohiyo kama ushahidi kwamba mzigo ni orijino. Naye kapotea njia, kwa upande wa pili. Onyo halithibitishi ubora, na wala halina maana kwamba kuna mtu aliyeipima kebo yako akakuta sumu. California nayo haijagundua siri ambayo wanasayansi wa kwingine hawaijui. Kemikali husika imo tu kwenye orodha rasmi ya jimbo. Orodha yenyewe ni ya kushangaza. Ina kemikali zaidi ya 900, na humo madini ya risasi na asbestosi yamekaa pamoja na pombe, vumbi la mbao, sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga, na tangu 2015 hata dondoo la jani zima la aloe vera lisilochujwa rangi.

Sheria yenyewe, Pendekezo Namba 65, ilipitishwa kwa kura ya wananchi Novemba 1986, na wasiwasi mkubwa wakati huo ulikuwa maji ya kunywa. Inaitaka biashara yenye wafanyakazi 10 au zaidi imwonye mtu kabla ya kumkutanisha na kemikali iliyo kwenye orodha. Asiyeonya anaweza kutozwa hadi dola 2,500 kwa siku kwa kila kosa. Kilichoifanya sheria hii isambae hadi Msimbazi ni kipengele kimoja: si lazima serikali ndiyo ishtaki. Mtu binafsi anaweza kushtaki kwa niaba ya umma, na robo ya faini ni yake.

Chukua vibao vya "Mbwa Mkali" kwenye mageti ya Mbezi na Tegeta. Tuseme mtaa umepitisha kanuni kwamba mwenye mbwa asiye na kibao anaweza kushtakiwa na mpita njia yeyote, na mpita njia akishinda anakula robo ya faini. Kubandika kibao bila kufuga mbwa si kosa. Na ukidai mbwa wako ni mpole, mzigo wa kuthibitisha ni wako: umlete daktari wa mifugo, umlipe, na kesho yake unaweza kushtakiwa vilevile. Kibao ni shilingi elfu chache. Haitachukua muda kila geti litakuwa nacho, la mwenye mbwa watatu, la mwenye kibwa cha miezi miwili na la mwenye kuku tu. Hakuna aliyevunja kanuni. Ila msoma mita, ambaye vibao viliwekwa kwa ajili yake, hajui tena geti lipi aligonge kwa tahadhari.

Daktari wa mifugo wa California ni maabara. Kampuni inasamehewa kuonya ikithibitisha kwamba kiasi kilichomo, mtu akikutana nacho kila siku kwa miaka 70, hakizidi kuongeza mgonjwa mmoja wa saratani katika watu 100,000. Kupima hivyo kwa kila kebo na kila rangi ya plastiki ni ghali. Karatasi ni bei rahisi.

Linganisha na kopo la dawa ya kuulia wadudu shambani: mkanda wake wa rangi, nyekundu kwa sumu kali zaidi hadi kijani, unakueleza ukali. Onyo la California halina ngazi.

Je, basi ni upuuzi mtupu? Hapana, ingawa faida yake ni ngumu kuipima. Soda za kola ni mfano mzuri. Mwaka 2011 California iliiweka kwenye orodha kemikali iitwayo 4-MEI, inayotokea wakati wa kutengeneza rangi ya karameli. Mwaka uliofuata Coca-Cola na Pepsi zilibadili rangi hiyo badala ya kuandika neno saratani kwenye kopo. Kituo kimoja cha watetezi wa walaji cha Washington kilipima Coca-Cola mwaka huohuo wa 2012: kopo la California lilikuwa na mikrogramu 4, la Kenya 177. Tusikimbilie kuogopa, maana mamlaka ya chakula ya Marekani ilisema mtu angehitaji kunywa zaidi ya makopo 1,000 kwa siku kufikia dozi walizopewa panya kwenye majaribio ya saratani, na hivyo vilikuwa vipimo vya wakati ule.

Kwenye kebo, tazama kama kemikali imetajwa; tangu Agosti 2018 onyo la maandishi marefu linatakiwa kutaja angalau moja. Ikiwa ni risasi au DEHP, kinacholainisha plastiki, hatari kubwa iko kwa mtoto anayetafuna waya. Mtu mzima anawe mikono kabla ya kula. Na kebo ya meza ya pili isiyo na karatasi yoyote inaweza kuwa na risasi ileile. Pengine tu haikutengenezwa kwa ajili ya soko la California.