Fiesta patronal: sikukuu ya somo wa mji

Mkatoliki wa huku kwetu akiambiwa "heri ya sikukuu ya somo wako" haulizi maana yake: ni siku ya mtakatifu ambaye alibatizwa kwa jina lake. Parokia nayo ina somo wake. Hispania, mji mzima una somo, yaani mtakatifu msimamizi wake, na sikukuu yake ndiyo huitwa fiesta patronal.

Siku hiyo haiishii kanisani. Sikukuu za mapumziko kazini Hispania hazizidi 14 kwa mwaka, na mbili kati ya hizo ni za mji wenyewe. Aghalabu mojawapo hupewa somo. Ndiyo maana unaweza kukuta mji huu umefunga maduka huku jirani zao wako kazini kama kawaida. Kiini ni Misa na maandamano: sanamu ya mtakatifu hutolewa kanisani na kuzungushwa mitaani. Mengine, kama bendi, fataki na mapishi, kila mji una yake.

Inayovuma kuliko zote ni San Fermín (Mtakatifu Fermín) ya Pamplona, mji wa kaskazini mwa Hispania, Julai 6 hadi 14. Zamani iliadhimishwa Oktoba. Mwaka 1591 ikahamishiwa Julai, kukwepa hali mbaya ya hewa. Wageni wengi hufuata fahali tu, yaani mbio ambazo watu hukimbia mitaani mbele ya fahali. Lakini fika mapema kwenye mteremko wa Santo Domingo, kabla fahali hawajafunguliwa saa mbili asubuhi. Ukutani kuna kijisanamu cha mtakatifu ndani ya kishubaka. Wakimbiaji, wamevaa nyeupe na skafu nyekundu shingoni, wanakigeukia, wananyanyua magazeti yaliyoviringishwa na kuimba wakimwomba awaongoze na kuwabariki, "kwa kuwa ni msimamizi wetu". Wanaimba mara tatu, mara ya mwisho ikiwa imebaki dakika moja hivi. Kwangu mimi, hapo ndipo sikukuu yenyewe ilipo. Mbio zenyewe huchukua dakika mbili tatu tu.

Sasa kichekesho: Fermín si somo wa Pamplona. Yeye ni msimamizi wa mkoa wa Navarra, ulipo mji huo, pamoja na Fransisko Ksaveri. Somo wa mji ni Saturnino, ambaye mapokeo yanasema aliwabatiza Wakristo wa kwanza wa hapo. Siku yake ni Novemba 29, wakati wa baridi. Naye hutolewa kwa maandamano, ila hakuna fahali, na watalii wa Julai walisharudi makwao zamani.