Kusoma saikolojia si kusoma mawazo ya watu

Kuna ujumbe unaozunguka tena na tena kwenye magrupu: mwanafunzi wa saikolojia anajua unachowaza, na mtu akitazama juu upande wake wa kulia, basi anadanganya.

Si kweli. Uingereza, vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaosoma saikolojia tumizi katika vyuo vya kidato cha sita hawafundishwi kunusa uongo. Wanajifunza kumbukumbu, jinsi kundi linavyomvuta mtu, tabia zinavyojengeka, na kazi ya ubongo. Kisha kila mmoja hufanya utafiti mdogo wake mwenyewe: anaweka dhana, anaomba ridhaa ya washiriki, anapiga hesabu. (Hesabu ndizo huwashangaza wengi.)

Dai la macho lilijaribiwa kitaalamu na matokeo kuchapishwa mwaka 2012: mwelekeo wa macho haukutofautisha waongo na wakweli. Jumla ya tafiti nyingi iliyotolewa 2006 ilionyesha watu hupatia nani mkweli na nani mwongo kwa asilimia 54 hivi, karibu sawa na kurusha shilingi.

Jaribu nyumbani. Mwombe rafiki akusimulie visa kumi, vya kweli na vya uongo; andika unachokisia kabla hajakwambia, kisha hesabu ulivyopatia.

Tunachanganyikiwa kwa sababu tunakumbuka siku tuliyopatia na kusahau tulizokosea. Pia, dai la awali kuhusu macho, la miaka ya 1970, lilihusu kukumbuka na kubuni picha kichwani; uongo ulipachikwa baadaye.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Kuna mtu anaweza kuitwa mwongo kwa sababu tu aliangalia dari.