Sukari Inayopanda na Kushuka Bila Mpangilio: Maswali na Majibu

Majibu haya yanamhusu zaidi mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi kama glibenclamide. Vipimo vyote vya sukari ya damu ni vya mmol/L. Ukitaka mg/dL, zidisha kwa 18.

Nimekula chakula kile kile, dozi ile ile, saa ile ile. Mbona jana ilikuwa 7 na leo ni 12?

Kwa sababu sukari haiendeshwi na chakula na dawa peke yake. Kukosa usingizi, jino linalouma, homa inayoanza, wasiwasi, siku za kuelekea hedhi: vyote huamsha homoni zinazolifanya ini limwage sukari kwenye damu. Mazoezi ya jana nayo yanaweza kuendelea kuishusha hadi saa 24, maana misuli bado inajaza akiba ya sukari iliyotumika. Mlo wenye mafuta mengi hukaa sana tumboni, hivyo ukipima baada ya saa mbili unaona namba nzuri, kisha sukari inapanda baada ya saa nne au tano.

Namba moja ya juu isikufanye ubadilishe dozi. Tafuta kinachojirudia siku tatu au nne, wakati ule ule wa siku. Kisha, kwa ushauri wa anayekutibu, rekebisha jambo moja tu, ama sivyo hutajua ni lipi lililosaidia. Kushuka ni suala jingine: sukari ikianguka chini ya 3.0 hata mara moja, mjulishe daktari wako mapema.

Je, inawezekana mashine ndiyo inayokosea?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Viwango vya kimataifa huruhusu glukomita (mashine ya kupimia sukari) kupishana na maabara kwa asilimia 15 pale sukari inapozidi 5.5. Mashine ikisoma 10, ukweli unaweza kuwa 8.5 au 11.5. Kwa hiyo usihangaike na tofauti kati ya 9.4 na 10.1.

Makosa makubwa hutoka vidoleni. Ukimenya tunda kisha ukapima bila kunawa, sukari iliyobaki kwenye ngozi inaweza kupandisha namba sana. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo uchome. Kama hakuna maji, futa tone la kwanza upime la pili. Vijiti vya kupimia vibaki kwenye kopo lake lililofungwa, maana unyevu na joto huviharibu.

Natumia insulini. Niangalie nini kwanza?

Angalia ngozi yako. Ni jambo linalosahaulika mno, na ukilirekebisha unaweza kuona mabadiliko upesi. Pitisha vidole taratibu mahali unapochoma, tumboni na mapajani. Ukikuta sehemu iliyovimba kidogo, laini au ngumu kama mpira, hapo mafuta yamejikusanya kwa kuchomwa mara kwa mara. Wengi hupapenda kwa sababu hapaumi, lakini insulini hufyonzwa hapo ovyo: leo polepole, kesho kwa kasi. Pumzisha sehemu hiyo kwa miezi kadhaa, na kila sindano mpya iwe walau upana wa kidole kutoka ya mwisho. Tahadhari: ukihamia ngozi nzima, dozi ile ile inaweza kukushusha sana. Zungumza na daktari kuhusu kuipunguza kabla hujahama, na pima mara nyingi zaidi siku za mwanzo.

Pili ni insulini yenye rangi ya maziwa. Ikikaa, chembe zake hutuama chini. Ukiivuta bila kuichanganya, uniti 20 za leo hazilingani na uniti 20 za kesho. Ivingirishe kati ya viganja mara 10, kisha ipindue juu chini mara 10 bila kuitikisa kwa nguvu, mpaka iwe na weupe mmoja. Kwa kalamu ya insulini, toa kwanza uniti 2 hewani uone tone, choma, kisha hesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa. Insulini iliyoganda barafuni hata mara moja itupwe. Iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu takriban siku 28 ikiwa haipati joto kali.

Usiku sikula kitu, asubuhi sukari iko juu. Imetoka wapi?

Kwenye ini. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kukuamsha, na ini hutoa sukari. Kabla ya kuongeza dozi ya usiku, pima saa tisa usiku kwa siku mbili tatu. Kama ni nzuri saa hiyo na inapanda kufikia asubuhi, chanzo ni homoni hizo za alfajiri. Kama iko juu tangu ulale, chunguza chakula cha jioni au dozi. Kama iko chini, kuongeza insulini ni hatari.

Ikipanda nachoma insulini ya haraka, inachelewa, naongeza. Kisha inaanguka. Kwa nini?

Insulini ya haraka huendelea kufanya kazi kwa takriban saa nne. Ukiongeza baada ya saa moja na nusu, ya kwanza bado imo mwilini, na zote mbili zinashusha kwa pamoja. Subira hapa ni sehemu ya tiba: andika saa uliyochoma, kunywa maji, na usirudie kabla ya muda ulioelekezwa.

Na ikishuka?

Chini ya 3.9, tumia gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za juisi au soda ya kawaida, siyo ya "bila sukari". Chokoleti haifai, mafuta yake huichelewesha. Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Njaa ya wakati huo ni kali na humfanya mtu ale kila kilichopo, na ndiyo sababu sukari ya wengi hufika 15 baadaye. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu, achomwe glukagoni (sindano ya kupandisha sukari) kama ipo, na akimbizwe hospitali.

Ninaumwa na siwezi kula. Niache insulini?

Insulini ya muda mrefu usiiache. Ugonjwa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu, na bila insulini mwili huunguza mafuta na kutoa ketoni, ambazo ni sumu. Pima kila saa nne na unywe maji kidogo kidogo. Anayetumia vidonge vya kisukari vya metformin, dapagliflozin au empagliflozin, akitapika au kuharisha, amuulize daktari siku hiyo hiyo kama azisimamishe. Hizo mbili za mwisho zinaweza kuleta ketoni hata sukari isipopanda sana. Nenda hospitali bila kungoja ukiwa na sukari inayobaki juu ya 14 pamoja na kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito za haraka au harufu ya matunda mdomoni (kwa anayetumia hizo mbili, dalili hizo zinatosha hata sukari ikiwa chini ya 14), na waambie mapokezi mara moja kwamba una kisukari.